Queen jukwaani au Freddie na Montserrat Caballé: uanzie wapi?

Ukishazisikiliza nyimbo za Queen, kundi la roki la Uingereza, ambazo kila mtu anazijua, zile za kwenye mikusanyiko ya "nyimbo bora", unafika njia panda. Upande mmoja kuna rekodi za jukwaani: kundi zima, umeme, na maelfu ya watu wakipiga makofi kwa pamoja. Upande wa pili kuna Barcelona, albamu ya mwaka 1988 ambayo Freddie Mercury, mwimbaji wa kundi hilo, aliimba na Montserrat Caballé, soprano wa opera mzaliwa wa mji huohuo wa Barcelona. Wapenzi wa roki watakwambia ya kwanza ndiyo Freddie halisi. Wapenzi wa sauti watakwambia ya pili ndiyo iliyoonyesha alichokuwa nacho kooni. Wewe una jioni moja na bando la kuhesabu, na unataka kujua uanze na ipi.

Nimeishi na zote mbili kwa muda mrefu na ninazipenda kwa sababu tofauti kabisa. Sauti ni ileile, ila imepewa kazi mbili. Jukwaani inazungumza na umati, na ndani ya Barcelona inazungumza na mtu mmoja aliyesimama karibu, mwenye sauti kubwa kuliko yake.

Kwetu Afrika Mashariki jina hili lina uzito wake. Freddie, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Kiparsi. Alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akajifunza piano huko, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Tangu 2019 kuna jumba dogo la kumbukumbu yake pale Shangani. Ningependa kila anayepita mbele ya mlango ule awe ameisikia sauti hii katika hali zake zote mbili.

Tunalinganisha nini hasa

Rekodi za Queen za jukwaani ni nyingi, kwa hiyo nachukua tatu. Live Killers ilitoka mwaka 1979, ikiwa imekusanywa kutoka maonyesho ya Ulaya ya miezi ya mwanzo ya mwaka huo. Queen Rock Montreal ilirekodiwa tarehe 24 na 25 Novemba 1981 nchini Kanada, lakini katika umbo lake kamili ilitoka 2007. Live at Wembley '86 ni onyesho la tarehe 12 Julai 1986 jijini London, nayo ilitoka 1992, Freddie akiwa ameshafariki. Kuna pia Live at the Rainbow '74, ya kundi likiwa bado changa na lenye njaa, iliyotoka 2014.

Live Magic ya Desemba 1986 naiweka kando kabisa, na naomba usianze nayo. Nyimbo zake zimekatwakatwa ili zienee kwenye santuri moja. "Bohemian Rhapsody" imeondolewa sehemu yote ya opera, na kwa ulinganisho kama huu, kipande hicho ndicho tunachokitafuta.

Barcelona nayo ipo katika mavazi mawili. Ya 1988 ina nyimbo nane, na sehemu kubwa ya kile kinachosikika kama okestra ni vinanda vya umeme vya Mike Moran, mtunzi mwenza wa Freddie. Ya 2012 ina sauti zilezile za Freddie na Caballé, lakini chini yake imewekwa okestra kamili ya Prague.

Vigezo vyangu ni vitano: sauti yenyewe inafanya nini, nani anaipigia ala, rekodi ina ubora gani, lugha na maneno, na muda na utulivu inaoutaka kwako. Cha kwanza nitakaa nacho zaidi, kwa sababu ndicho kinachowagawa watu.

Sauti

Jukwaani Freddie anaitumia sauti yake kama mtu anayetumia pesa siku ya arusi. Onyesho linapita saa moja na nusu, kesho kuna mji mwingine, na kwa miaka alisumbuliwa na vinundu kwenye nyuzi za sauti. Kwa hiyo kuna noti za juu ambazo studio alizipanda bila shida, lakini jukwaani anazishusha, anazizunguka, au anamwachia Roger Taylor, mpiga dramu, ambaye ndiye aliyekuwa na sauti ya juu kabisa kundini. Aliyezoea rekodi za studio hushtuka: mbona hapa hakupanda? Hakupanda kwa sababu bado ana nyimbo kumi na tano mbele yake.

Lakini sikia anachokupa badala ya ile noti. Wembley, katikati ya onyesho, muziki unanyamaza. Freddie anatupa sauti moja, fupi, isiyo na neno ndani yake. Uwanja wenye watu zaidi ya elfu sabini unairudisha. Anatupa nyingine, ndefu kidogo, yenye kona, nayo inarudishwa. Anaongeza ugumu, anapanda, anateremka, anaizungusha, na watu wanamfuata kila anakokwenda. Aliyekulia kwenye ngoma au kwaya anakijua kitendo hiki bila kufundishwa: kiongozi anatoa, waitikiaji wanapokea, na utamu unakaa kwenye pumzi ile fupi kati ya kutoa na kupokea. Sauti yake pale haikamiliki bila ya watu.

"Love of My Life" kwenye Live Killers ni hivyohivyo kwa upole zaidi. Kuna gitaa moja la Brian May na Freddie, kisha Freddie ananyamaza na umati unaimba mistari yake wenyewe. Toleo hilo la jukwaani lilitolewa kama wimbo wa kujitegemea mwaka 1979.

Ndani ya Barcelona sauti haina haraka. Hakuna kesho ya kuiwekea akiba. Wanakwaya wetu wanazungumza kwa sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Hapa Freddie ni wa tatu mwenye nguvu, lakini mara kwa mara anateremka kuelekea ya nne, kwenye kifua, mahali ambapo nyimbo za roki hazikumpeleka sana. Sikiliza "Ensueño": piano, yeye na Caballé, basi. Anaimba chini, taratibu, akimwachia mama yule nafasi yote ya juu. Hajizuii kwa kuogopa koo, anajizuia kwa heshima.

Kuna jambo moja kuhusu utengenezaji wake linalonigusa kila nikilikumbuka. Ratiba ya Caballé ilijaa maonyesho ya opera duniani kote, hivyo Freddie alirekodi kanda za mwongozo ambamo aliimba sehemu zote mbili, yake na ya Caballé, ya pili akiiimba kwa sauti nyembamba ya kubana. Kanda hizo Caballé ndizo alizojifunzia. Kwa hiyo kila unapomsikia soprano akipaa kwenye albamu ile, kwanza mtu wa Zanzibar alipaa hapo, peke yake, ili amwonyeshe njia.

Upungufu wake nao niuseme wazi: hakuna hatari. Kila kitu kimewekwa mahali pake, na asiyeipenda hali hiyo atasema sauti imepigwa pasi mno. Ni lalamiko la haki. Jukwaani unasikia mtu anayeweza kukosea, na anapofanikiwa moyo wako unaruka naye.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawaliangalii. Queen walipoifikia sehemu ya opera ya "Bohemian Rhapsody" jukwaani, hawakuiimba. Watu wanne hawawezi kutoa sauti zile zote zilizorundikwa studio, tabaka juu ya tabaka. Walitoka jukwaani, mkanda ukapigwa, taa zikacheza, kisha wakarudi kwa kishindo kwenye sehemu ya roki. Hivyo ndivyo inavyosikika kwenye Live Killers. Opera yao ya jukwaani ilikuwa mkanda tangu mwanzo. Na Barcelona, ambayo ni opera hiyo iliyopewa albamu nzima, haikuwahi kuimbwa na wawili hao kama onyesho kamili. Jioni ya tarehe 8 Oktoba 1988, walipopanda jukwaani mjini Barcelona mbele ya mfalme na malkia wa Hispania, walifuatisha midomo juu ya rekodi. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Freddie kutumbuiza jukwaani. Kwa hiyo ukiitaka opera yake imeimbwa kwa ukamilifu, itafute studio. Jukwaani utapata vitu vingine vyote.

Wanaompigia

Queen jukwaani ni watu wanne, na Montreal ndipo unapowasikia hivyo bila msaidizi yeyote: Freddie akiimba na kupiga piano, May kwenye gitaa, John Deacon kwenye besi, Taylor kwenye dramu. Anapoinuka kwenye piano, piano inanyamaza, na gitaa la May linatanuka kuziba pengo. Unaweza kulisikia pengo lile likizibwa. Mwaka 1986 tayari walikuwa na Spike Edney kwenye vinanda, na muziki umejaa zaidi, ingawa umepoteza kidogo ule ukali wa watu wanne. Live Killers ina gitaa refu mno: "Brighton Rock" inapita dakika kumi na mbili. Kama hupendi solo za gitaa, hapo utachoka.

Barcelona inabebwa na Moran na vinanda vyake. Kwenye "How Can I Go On" anayepiga besi ni John Deacon, mtu pekee kutoka Queen ndani ya albamu. "The Golden Boy" inaingiza kwaya ya muziki wa injili, na ghafla unahisi uko kanisani Jumapili. "La Japonaise" ina rangi za Kijapani. Toleo la 2012 linabadilisha hali nzima: vinanda vya umeme vimeondoka, na mahali pake wameketi watu halisi wenye fidla na tarumbeta, na David Garrett anapiga fidla kwenye "How Can I Go On". Binafsi nalipendelea hili kwa wimbo mkuu, "Barcelona", kwa kuwa sauti mbili kubwa kama zile zinahitaji kitu kikubwa chini yake. Kwa "Ensueño" sioni sababu ya kuiacha ya 1988.

Ubora wa rekodi

Montreal ni safi kuliko zote za jukwaani. Filamu ya onyesho hilo ilipigwa kwa umakini mkubwa na sauti ikatunzwa vizuri. Live Killers ni chafu kidogo, kavu, karibu na uso wako. Kuna wanaoipenda kwa sababu hiyohiyo. Wembley inasikika kama uwanja, yaani upana, mwangwi na watu kila upande. Barcelona ni ya studio na haina kelele yoyote, ila vinanda vya 1988 vinaitambulisha miaka ya themanini kwa sekunde mbili tu.

Kuhusu vifaa: mara ya kwanza niliisikiliza Barcelona kwenye spika ya simu, nikaiacha kwa miaka miwili. Caballé anapopaa, spika ndogo inapiga kelele na huwezi kusikia chochote cha chini. Nilipoirudia kwa hedifoni za kawaida, zile za kufunika masikio, nilikuta albamu nyingine kabisa. Wembley inavumilia spika yoyote, hata ya kwenye gari.

Lugha na maneno

Rekodi za jukwaani ni za Kiingereza, lakini si tupu kwa sikio la Mswahili. Kwenye Live Killers, Freddie anaacha utangulizi wote wa "Bohemian Rhapsody" na badala yake anaingia kwa kipande cha mwanzo cha "Mustapha", wimbo unaoita majina ya Mustapha na Ibrahim kwa mtindo wa adhana, kisha anateremka moja kwa moja kwenye piano. Mtoto aliyekulia kati ya misikiti ya Mji Mkongwe hakuhitaji kuambiwa sauti ile inasikikaje alfajiri. Na kati ya nyimbo anazungumza na watu. Wembley aliwaambia kwamba uvumi wa kundi kuvunjika ni uongo. Onyesho lao la mwisho naye, Knebworth, lilikuwa tarehe 9 Agosti mwaka uleule, chini ya mwezi mmoja baadaye.

Siku kumi na tano baada ya Wembley alikuwa Budapest, akaimba wimbo wa kiasili wa Kihungari huku maneno yakiwa yameandikwa kiganjani mwake, na uwanja mzima ukamwitikia. Rekodi ya usiku huo ilitoka upya 2012, na ni nzuri kwa mtu ambaye tayari ana Wembley.

Barcelona ina Kiingereza, Kihispania na Kijapani, na ni hadithi zaidi kuliko nyimbo. "The Fallen Priest", yenye maneno ya Tim Rice, ni mgogoro wa padri kati ya kiapo na mapenzi, na hapo ndipo albamu inapokuwa opera ya kweli, na pia ndipo msikilizaji mgeni anapoweza kupotea. "Ensueño" ilianza kama wimbo wa Freddie usio na maneno, alioupeleka kwa Caballé walipokutana hotelini Barcelona mwezi Machi 1987. Caballé mwenyewe akautilia maneno ya Kihispania. Mpango ulikuwa wimbo mmoja. Caballé ndiye aliyetaka albamu nzima.

Muda na utulivu

Hapa ni kifupi. Rekodi ya jukwaani ni ndefu, lakini unaweza kuisikiliza ukipika, ukiosha vyombo au ukiwa safarini, na ukipitiwa na wimbo mmoja hakuna kilichoharibika. Barcelona ni fupi, ila inataka ukae. Wimbo wa mwisho, "Overture Piccante", unarudisha vipande vya nyimbo zilizotangulia. Kama hukuzisikiliza kwa makini, utasikia vurugu.

Ni ya nani

Anayetafuta nguvu za kundi, anayepiga gitaa au dramu, anayependa kusikia watu wakiimba pamoja, huyo ni mtu wa rekodi za jukwaani. Ataipata furaha yake ndani ya dakika tano za kwanza. Asiyevumilia makofi na mayowe juu ya muziki, au anayetaka kila noti ya studio ibaki mahali pake, atakereka.

Barcelona inamfaa anayesikiliza sauti kwanza: mwanakwaya, mpenzi wa taarabu ya asili aliyezoea mwimbaji mmoja mbele ya fidla nyingi, au mtu ambaye roki humchosha. Mpenzi wa opera wa miaka mingi anaweza kuiona nyepesi, na mpenzi wa roki anaweza kuiona nzito. Imesimama katikati, na hapo penyewe ndipo Freddie alipopataka. Wakati anairekodi tayari alikuwa anajua kuwa anaumwa. Sisemi hivyo ili uipende kwa huruma, ila "How Can I Go On" nimeshindwa kuisikiliza kana kwamba sijui.

Kulingana na hali yako

Kama hujawahi kusikia Queen jukwaani hata mara moja, chukua Wembley, na ikiwezekana itazame, usiisikilize tu. Kama unaijua Wembley kwa moyo na unataka kusikia kundi lenyewe bila mapambo, nenda Montreal. Kama unapenda Queen wa miaka ya sabini na huogopi sauti ya vumbi, Live Killers, na ukitaka kurudi nyuma zaidi, Rainbow.

Wapo wanaoijua "Barcelona" bila kujua kuwa wanaijua. Mpenzi wa mpira anayekumbuka fainali ya Ulaya ya tarehe 26 Mei 1999 katika uwanja wa Camp Nou, usiku ule Manchester United walipowapindua Bayern Munich dakika za majeruhi: kabla ya mechi Caballé aliuimba wimbo huo uwanjani, Freddie akimwitikia kutoka kwenye skrini, miaka saba na nusu baada ya kufariki. Ukiwa mmoja wao, anza na toleo la 2012, wimbo wa kwanza, kwa sauti kubwa.

Ukiwa na mzazi au bibi nyumbani asiyependa magitaa, mwekee "Guide Me Home" na uiache iendelee yenyewe mpaka "How Can I Go On", maana zimeunganishwa.

Na kama unayo jioni moja tu na hutaki kuchagua, fanya hivi: sikiliza "Bohemian Rhapsody" ya Live Killers, na pale mkanda wa opera unapoingia, simamisha. Nenda kwenye "The Fallen Priest" ya Barcelona, uisikilize yote. Kisha rudi pale ulipoachia, uwasubiri wanne wale warudi jukwaani.